Mnatafuta mkuu wa kituo cha wazee Moshi? Anzeni na bodi yenu

Huku Kilimanjaro kuna matangazo ya kazi ukiyaona unajua kabisa haya nishayaona, ni yaleyale yamebadilishwa tarehe tu: kituo cha wazee, au mradi wa kuhudumia wazee majumbani, unatafuta "Mkurugenzi mwenye uzoefu, mchapakazi, mcha Mungu". Ukiuliza yule wa kwanza yuko wapi unaambiwa aah, alipata matatizo ya kifamilia, au kapata kazi Dar. Mkute sasa yeye mwenyewe, mkae mnywe chai taratibu, atakwambia kitu kingine kabisa, kwamba mwenyekiti wa bodi ndo alikuwa anaamua mpaka Jumapili wapike nini, mkurugenzi alikuwa jina tu kwenye barua. Kwa hiyo haya naandika kwa nyie mnaoajiri, na sehemu kubwa inawahusu nyie kabla hata hamjapokea CV ya mtu.

Kwanza tuelewane ni nafasi ipi. Kama ni nafasi ndani ya Manispaa ya Moshi au Jiji la Arusha hapo hakuna cha kutangaza kienyeji, maafisa ustawi wa jamii wanapatikana kwa utaratibu wa Sekretarieti ya Ajira, maombi yanapita Ajira Portal, na nafasi za juu zinajazwa kwa uteuzi wa watumishi waliomo tayari. Uingereza mambo ni mengine, halmashauri zenye jukumu la kuhudumia watu wazima wasiojiweza zinalazimika kisheria kuwa na mkurugenzi wa kazi hiyo, na akiondoka halmashauri yenyewe ndo inatangaza, wengine wanalipa kampuni kabisa iwasakie mtu. Sisi huku ukitoa makazi ya serikali, kama haya ya Njoro hapa Moshi, mzigo wa mzee asiye na mtu umebaki kwa ukoo, kanisa, msikiti na mashirika. Na huu mkoa unaujua, watoto wako Dar, Mwanza, wengine Marekani, mzee kabaki mlimani na kihamba chake, lile shamba la ukoo la migomba, na mbuzi wawili, hela ya kutumiwa kwenye simu anayo lakini wa kumgeuza kitandani hana. Mtu mtakayemchukua ndo atasimama kati ya huyo mzee, watoto wake, halmashauri na nyie. Ni kazi nzito kuliko mnavyodhani mnapoandika tangazo.

Sasa bodi. Kaeni siku moja, simu pembeni, muandike kwenye karatasi vitu vitatu: huyu mtu atasaini hela kiasi gani bila kuwauliza, anaweza kuajiri na kumwachisha nani bila kuwauliza, na nani anaongea na wafadhili. Sisemi mjadili kwa maneno, andikeni. Mkifika kwenye hela mtaona watu wanaanza kukohoa. Mnaweza kusema mfano mpaka laki tano anasaini yeye na mhasibu, juu ya hapo mweka hazina anaingia, kiwango mtajua wenyewe, ila kiwepo. Kama hamwezi kukubaliana hata laki tano basi hamtafuti mkurugenzi, mnatafuta msimamizi wa zamu, na hiyo ni kazi halali kabisa, itangazeni kwa jina lake na mshahara wake, msimdanganye mtu aache kazi Arusha aje kushika funguo za stoo.

Halafu kuna suala la mwanzilishi. Vituo vingi vilianzishwa na mtu mmoja mwenye moyo, sista, mchungaji mstaafu, au mama fulani aliyeanza kwa kulisha wazee jirani zake, na bado anaishi hapohapo ndani ya uzio. Mpishi akikatazwa kitu na mkuu mpya anavuka uwanja anaenda kwa Mama, Mama anasema "mwacheni bana", na kuanzia siku hiyo mkuu kaisha. Hili ongeeni na mwanzilishi mwenyewe kwa heshima yake kabla ya tangazo, mumpe nafasi inayoeleweka, awe mlezi wa kituo, awe wa kupokea wageni, awe wa sala za asubuhi, ila malalamiko ya wafanyakazi asipokee. Atumwe mtu mzima anayemsikiliza, msimpelekee kijana wa HR na laptop.

Mkimaliza hapo ndo mnaandika sifa. Nimeona tangazo linataka mtu mwenye shahada ya ustawi wa jamii, uzamili, uzoefu wa miaka 10, ajue uhasibu, awe na leseni ya uuguzi, ajue kuandika maandiko ya miradi na awe na leseni ya udereva. Huyo mtu hayupo, na kama yupo hawezi kuja kwa mshahara wenu. Chagueni vitu vinavyobeba kazi kweli. Awe ameshaongoza watu wa shifti, maana kituo cha wazee kinaharibikia usiku. Awe ameshashika hela iliyokuja kukaguliwa. Na awe anajua milango ya halmashauri, kwamba kwenye halmashauri ustawi wa jamii imewekwa divisheni moja na afya na lishe, kwa hiyo shida ya mzee mara nyingi inaishia mezani kwa Mganga Mkuu, kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure na kuna dirisha lake hospitali, na kwamba haki hiyo bila barua na kitambulisho huwa inapotea njiani. Mtu anayejua hivi anawaokolea hela nyingi kuliko mwenye uzamili asiyejua.

Watu wanauliza sana achukuliwe nesi au mtu wa ustawi. Mimi naona inategemea wazee wenu. Kama wengi wako kitandani, wana vidonda, presha, sukari, kiharusi, nesi mzoefu atawafaa, maana ataona kidonda cha mgongo kabla hakijanuka. Kama wengi wanatembea ila wametelekezwa, wana kesi za mashamba na ndugu, hapo mtu wa ustawi wa jamii. Mkiweza mmoja awe mkuu na mwingine msaidizi mmemaliza.

Lugha nayo. Wazee wetu akili ikianza kuchoka mara nyingi Kiswahili kinaondoka kwanza, anabaki na Kichagga cha kwao, na Kichagga cha Rombo na cha Machame mnajua wenyewe havisikilizani vizuri. Siyo lazima mkuu akijue, ila lazima kwenye kila shifti awepo anayekijua, na mkuu awe mtu wa kulipanga hilo. Mkianza kusema "tunataka Mchagga", au "awe muumini wetu", mnaingia pabaya, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, hali ya ndoa, ujauzito, ulemavu na mengine, na mbali na sheria, mnajifungia nje watu wazuri. Muuguzi mstaafu wa Kipare aliyekaa hospitali ya Mawenzi miaka yote hiyo anawajua wazee wa mlimani kuliko mtoto wa Kibosho aliyekulia Sinza, Dar.

Mshahara sasa, hapa ndo tunapoumizana. Wekeni kwenye tangazo. Ile "mshahara mnono kulingana na uzoefu" inawaletea maombi lukuki na mnapoteza wote muda siku ya mwisho. Na semeni ni kabla ya makato, maana hesabu inashangaza watu. Chukua mshahara wa milioni 2. NSSF, ule mfuko wa pensheni, asilimia 10 ya mfanyakazi inatoka laki 2, inabaki 1,800,000 ya kukatwa kodi, PAYE kwa viwango vya sasa ni 128,000 kwa ile milioni ya kwanza na asilimia 30 kwa kinachozidi, yaani 368,000, mkononi anabaki na 1,432,000. Kama bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo ondoa asilimia 15 ya mshahara, laki 3 nyingine, anaondoka na 1,132,000. Kwa nyie nako kuna asilimia 10 ya NSSF ya mwajiri na mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, hivyo milioni 2 siyo milioni 2 kwa pande zote. Kama hela ni ndogo semeni ukweli na muongeze kinachowezekana: nyumba ndani ya kituo (ila afikiriwe, mtu anayelala kazini hana usiku wake), bima ya familia, nauli, ruhusa ya kufundisha chuo mara moja kwa wiki. Kuna watu watakubali.

Wa kumpata wapi? Ubao wa matangazo wa kanisa na magrupu ya WhatsApp yanaleta watu, ila yanaleta walewale. Mimi ningeanza na wanaokaribia kustaafu. Serikalini mtu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na 55, kwa lazima 60, na pale katikati kuna maafisa ustawi, matroni wa wodi, waganga wafawidhi wa vituo vya afya, wana nguvu zao, wamechoka uhamisho, nyumba washajenga Rau au Usa River, wanatafuta kazi yenye maana isiyo na presha ya Dodoma. Hawa hawasomi matangazo. Inabidi mmfuate mtu, mpige simu, muulize "nani ulikuwa unamwogopa kwa usafi wa wodi?" Nendeni pia hospitali za KCMC na Mount Meru mkaongee na wauguzi wakuu, nendeni Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru mkaulize walimu ni wanafunzi gani wa zamani wamekomaa kazini, na Chuo Kikuu cha Mwenge hapa Moshi hivyohivyo. Na tumieni Desemba. Mwezi ule Kilimanjaro nzima imerudi nyumbani, mabasi yamejaa, na kuna mameneja wenye miaka arobaini na kitu wamekaa kwenye mgomba wa baba yao wanaangalia mama alivyokonda na wanajiuliza wanafanya nini Dar. Tangazo litoke mwanzoni mwa Desemba, mwisho wa maombi katikati ya Januari, na siku moja ya katikati fungueni kituo watu waje waone. Anayekuja kuangalia bila kuitwa, akiuliza maswali ya choo na chakula, andikeni jina lake.

Maombi yakija msiyasome wote kwa pamoja mkipiga story, kila mmoja asome peke yake atoe alama ndo mkutane, la sivyo mwenyekiti akisema "huyu kijana namjua baba yake" mchezo umeisha. Vyeti vihakikiwe kule vilikotoka, NECTA kwa sekondari, TCU kama shahada ni ya nje, baraza husika kama ni nesi mwenye leseni. Cheti cha polisi cha alama za vidole kiombwe kwa yule mnayetaka kumpa kazi, siyo kwa waombaji wote, msiwatie watu gharama bure. Na zile karatasi zenye namba za NIDA na simu za watu zisizagae mezani kwa katibu, tangu ile sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 hilo nalo ni jukumu lenu.

Barua za wadhamini mimi huwa naziweka pembeni. Zote zinasema mtu ni mwaminifu na mwenye ushirikiano. Pigeni simu kwa bosi wake wa zamani, na mkiweza kwa mtu aliyekuwa chini yake, mlinzi, mhudumu, dereva. Bosi muulizeni maswali mawili tu halafu mnyamaze: aliondokaje, na ungemrudisha? Ukisikia kimya kirefu, halafu "ni mtu mzuri… kwa kweli ni mtu mzuri", ushajibiwa.

Usaili. Jopo la watu watano linatosha, na mmoja awe mzee kabisa, mtu wa baraza la wazee la kata, siyo wa kupamba, awe na alama zake kama wengine. Mwombeni na afisa ustawi wa jamii aje, atakayefanya kazi na mkuu wenu kila wiki ni yeye. Yale maswali ya "tueleze kuhusu wewe mwenyewe" na "unajiona wapi baada ya miaka mitano" yaacheni, watu wameyakariri. Wapeni mambo yanayotokea.

Mfano: Bibi ana miaka themanini na kitu, ana watoto wanne, wa mwisho anakuja Jumamosi na karatasi za kiwanja na kidau cha wino, anataka Bibi aweke dole gumba, anasema wamekubaliana ukoo mzima. Bibi siku nyingine anakujua, siku nyingine anakuita jina la dada yake aliyekufa. Unafanyaje? Anayesema "ni mambo ya familia hatuingilii" msimchukue. Anayesema "namfukuza huyo kijana" naye bado, kesho ukoo utakuja na mchungaji. Mimi namtaka anayesema hiyo karatasi haiwekwi dole leo, nampa chai, nampigia mtoto mkubwa nikiwa naye hapohapo, naandika kwenye daftari, Jumatatu nampigia afisa ustawi na mwenyekiti wa mtaa, na namwomba daktari aandike hali ya akili ya Bibi. Mpangilio unaweza kutofautiana ila uone mtu anamlinda Bibi bila kuwasha moto.

Mwingine: mhudumu wa usiku kampiga mzee kofi, mashahidi wawili, na mhudumu huyo ni mpwa wa mjumbe wa bodi. Hapo angalieni macho ya wajumbe wenu pia, hahaha. Jibu liwe na kumwondoa kwenye shifti mara moja, kumpeleka mzee aonwe na daktari, kuandika, kutoa taarifa polisi kama inafikia huko, na kumsikiliza mtuhumiwa kwa utaratibu kabla ya kuamua ajira yake, maana ukimfukuza bila kumsikiliza anakwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na anashinda hata kama kofi alipiga.

Baada ya chumba cha maswali wapelekeni kituoni nusu siku, kila mmoja na siku yake, wale chakula cha mchana na wazee. Hakuna maswali, mnaangalia tu. Kuna mama mmoja aliyekuja kwa nafasi kama hii, wenzake wote walizungushwa wakaonyeshwa bustani na mradi wa kuku wakasifia, yeye akaomba daftari la usiku. Akaligeuza nyuma wiki nzima, kimya, akauliza mbona kila usiku limeandikwa "wazee wote wamelala salama" kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, na je huyu mtu halali? Kumbe lilikuwa linajazwa Ijumaa kwa wiki nzima. Akaenda mezani, akakuta babu hana meno kapewa ugali mgumu na nyama, hakusema kitu, akaomba kijiko na mchuzi, akalainisha, akamwachia babu ale mwenyewe polepole badala ya kumlisha haraka ili sahani zikusanywe. Kwenye chumba cha maswali alikuwa wa tatu. Jopo likabishana sana, ila kazi akapata yeye.

Mkishamchagua, mkataba wa maandishi. Kwa ngazi ya uongozi sheria inaruhusu mkataba wa muda maalum, miaka miwili ni sawa, na kipindi cha majaribio miezi sita kinatosha, kanuni zinasema kisizidi miezi 12. Andikeni ndani yake yale mambo matatu ya mwanzo, hela, wafanyakazi, wafadhili, kwa maneno yaleyale mliyokubaliana. Majaribio nayo siyo kumvizia, mkae naye kila mwezi mumwambie kinachoenda na kisichoenda. Na kama mnamfikiria yule mzungu aliyekuja kujitolea mkampenda, jueni kibali cha kazi ni lazima, na swali la kwanza mtakaloulizwa ni kwanini Mtanzania hawezi.

Siku anaripoti, makabidhiano yawe ya kuhesabu. Orodha ya wazee na vitu vyao, hela zao kama mnawatunzia, dawa, godoro, funguo, mafaili, mikataba ya wafanyakazi, madeni (yote, hata la muuza maziwa), na saini ya benki ibadilishwe wiki hiyohiyo, maana vituo vingi mkuu anakaa miezi anakimbizana na mweka hazina amwandikie cheki ya mkaa. Mwenyekiti amtembeze mwenyewe: mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, diwani, afisa ustawi, mganga wa kituo cha afya cha jirani, dawati la jinsia polisi. Halafu aitishe wafanyakazi wote, na Mama mwanzilishi akiwepo, aseme mbele yao kwamba kuanzia leo shida zote zinaenda kwa huyu. Akishasema hivyo aondoke, asikae kikao kizima.

Wale waliokosa wapigieni simu, au hata meseji basi, watu wametumia nauli. Na wa pili mwambieni ukweli kwamba alikuwa wa pili na mngependa kumtafuta tena, msimtumie ile barua ya kukataliwa mpaka wa kwanza awe amesaini na ameripoti, maana wengine wakipeleka barua ya kuacha kazi bosi wao anawaongezea mshahara palepale na nyie mnarudi kwenye ubao wa matangazo.